Walipohesabiwa Watoto wa Nholongo

Nikiwauliza swali, mtanijibu?

Mnasema mtajibu kwa sababu bado hamjalisikia. Haya, sogeeni. Na wewe mwenye baiskeli ilaze chini, maana hadithi hii haisikilizwi na mtu aliyeshika usukani. Mwenyekiti wetu ametupa nafasi tukale kisha turudi mkutanoni. Cha kula hatuna, kwa hiyo muda ninao. Nawaambia ninyi kwa kuwa si watu wa Nholongo, mnapita tu na safari zenu. Watu wa Nholongo wameshaulizwa tangu asubuhi na wamegawanyika.

Mimi naitwa Nyendo. Nyumba yangu ni ya mwisho upande wa korongo, na ndiyo nyumba pekee ambayo bado haijapiga kura. Watoto ninao. Wangapi? Wapo. Msinicheke, hilo jibu ndilo lililotaka kutumaliza, na nitawaambia lilivyotokea. Huyu niliyembeba mgongoni ni wa mwisho. Tangu juma lililopita nywele zake zimeanza kuwa nyekundu kwenye ncha, na ukimkalisha mahali anakaa hapohapo mpaka umwondoe. Mama yeyote anajua dalili hiyo ya njaa. Basi msidhani nimewaita hapa tupige soga.

Kijijini kwetu kuna ghala la mawe lenye mlango wa chuma na ufunguo mmoja. Ndani mna uwele, debe arobaini. Leo lazima tuamue nani atashika ufunguo huo, na atakayeshika ndiye atakayesema lini mlango ufunguliwe na nani apewe. Watu watatu wanaustahili. Kila mmoja wao alituokoa katika njaa ya juzi, na wawili wangeshindwa kutuokoa bila yule wa tatu. Nitawataja mmoja mmoja, halafu mtaniambia.

Wa kwanza ni Sechelela, mkunga. Kipaji chake ni kutosahau. Mtoto aliyempokea kwa mikono yake, hata apite baada ya miaka kumi amevaa kofia mpaka puani, Sechelela atamwita jina na kumwambia siku aliyozaliwa kulikuwa na upepo au la.

Wa pili ni mzee Madeje, mkulima. Kipaji chake kiko ulimini, na simaanishi maneno, maana kumtoa Madeje neno ni kazi ya kutwa. Anaonja mbegu. Punje anaiweka kati ya meno, anaiuma kidogo, anakwambia hii itaota, hii imekufa, hii itaota lakini itakuacha njiani. Sijawahi kumsikia akikosea.

Wa tatu ni mgeni, mwanamke kutoka nchi ya baridi huko mbali. Jina lake Marit, sisi tunamwita Mariti, naye ameshazoea. Alikuja na ofisi inayogawa chakula cha msaada. Kipaji chake ni karatasi. Mariti akiandika barua hapa, bandarini malori yanawashwa.

Sasa sikilizeni njaa yenyewe. Mvua ilikosa msimu mmoja, tukavumilia. Ikakosa wa pili, tukauza mbuzi. Wa tatu hatukuwa na cha kuuza, tukachemsha ngozi za kulalia. Hapo ndipo makarani wa ofisi ya akina Mariti walipofika na fomu zao, watu wa mjini, wapole, viatu safi. Wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja.

"Mama, una watoto wangapi?"

Kwetu mtoto hahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi mbele za watu, na mtoto hahesabiwi kabisa. Ukisema una sita, umemjulisha yule asiyetajwa kwamba nyumba hii ina sita, na yeye akishajua huanzia kwa mdogo. Ndivyo tulivyolelewa. Basi karani akiuliza, tulimjibu alivyojibiwa kila aliyewahi kuuliza.

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wapo tu, baba. Tunashukuru."

Mtu wa mjini angefanya nini? Pengine aliandika wawili. Pengine aliandika mmoja, yule aliyemwona mlangoni. Wengine wetu tulitaja mmoja ili atuache. Walipojumlisha, kijiji kizima cha nyumba arobaini kikawa na watoto thelathini na mmoja. Lori likaja na chakula cha watoto thelathini na mmoja, na sisi tukapiga makofi.

Mwezi ule tulizika watoto tisa. Naweza kuwaambia tisa kwa sababu waliokufa wanahesabika.

Mariti alikuja mwenyewe kuona kulikoni. Kiswahili chake amejifunza kitabuni, anakisema polepole na kila neno limenyooka. Alisimama mbele ya darasa la shule, ameshika ile orodha.

"Chakula nilicholeta kinatosha watoto thelathini na mmoja," akasema. "Kwa nini wanakufa?"

Watu mia wakatazama chini. Nilikuwepo, nami nilitazama chini. Jibu tulikuwa nalo wote, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kulitoa.

Sechelela akasimama. "Chukua kalamu," akamwambia. "Andika. Chedego, mwanangu."

"Sechelela, kaa chini," mume wangu akamwambia. Alikuwa bado yupo wakati huo, hajaenda kutafuta vibarua.

Hakukaa. Alianza na mtoto wake mwenyewe, kisha akaenda nyumba baada ya nyumba kwa kufuata korongo, akitaja majina. Hakuuliza mtu, maana wote aliwapokea yeye. Akina mama walikuwa wakiwaziba watoto wao masikio. Mmoja alikimbia na wake mgongoni, na Sechelela akamtaja yule wa mgongoni akiwa anakwenda. Alipofika kwangu nilimtazama nikatikisa kichwa, nikimsihi. Akanitazama na yeye, akawataja wote. Nilimchukia siku ile, nawaambia kweli.

Alipomaliza, Mariti alipitisha kalamu kwenye karatasi kuanzia juu mpaka chini. "Mia moja na tatu," akasema kwa sauti. Hakujua kwamba idadi ile haisemwi kwa sauti.

Siku tatu baadaye Chedego akafa. Alikuwa anaharisha tangu wiki iliyotangulia, kila mtu alijua, na Sechelela mwenyewe alitukumbusha hivyo pale makaburini. "Alikuwa mgonjwa," akasema. "Mnajua alikuwa mgonjwa." Tulijua. Lakini tulipokuwa tukirudi, hakuna mwanamke aliyetembea karibu naye, na mimi nikiwa mmoja wao.

Hiyo ni kazi ya Sechelela, na alicholipa mmekisikia. Bila yeye, Mariti asingejua.

Ila idadi haipikwi ikaliwa. Mariti aliiandikia ofisi yake kwamba watoto ni mia moja na tatu, si thelathini na mmoja. Wakamjibu kwamba orodha imeshafungwa, asubiri awamu nyingine. Akaandika tena. Wakamjibu tena, safari hii kwa ufupi zaidi. Kipindi hicho tulikuwa tunazika karibu kila siku mbili.

Mjini kulikuwa na malori matatu yamesimama, yamejaa, yanasubiri karatasi yenye jina la mahali pa kwenda. Mariti alienda mjini kwa pikipiki, akaingia ofisini, akaandika Nholongo. Kesho yake mchana tuliyasikia yakipanda mlima. Dereva wa lori la mbele alishuka akauliza, "Hapa ni Nholongo kweli? Mimi niliambiwa naenda ng'ambo ya milima." Mariti akamwambia ashushe.

Mimi nilikuwa karibu, nikamuuliza. "Dada Mariti, haya yalikuwa yanakwenda kwa nani?"

"Kwa watu wengine," akasema. "Wao watapata baada ya mwezi mmoja."

Nilikuwa nimeshaanza kufungua gunia. Sikumuuliza mwezi mmoja una siku ngapi za kuzika, wala hakuna mwingine aliyemuuliza. Tulipika. Watoto wetu walikula, na wale waliokuwa hawasimami wakasimama. Mariti hakuja kuwaangalia wakila, ingawa tulimwita. Mpaka leo hajawahi kutuambia kule ng'ambo walikufa wangapi, na nadhani anajua.

Hiyo ni kazi ya Mariti. Bila yeye, Sechelela angekuwa amemtaja Chedego bure.

Malori hayo yalitufikisha kwenye mvua, hayakutuvusha zaidi ya hapo. Mawingu yalipoanza, ofisi ikaleta mbegu za mahindi, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, nzuri kutazama. Mzee Madeje akachukua punje moja, akaifuta kwa kanzu, akaiuma, akatema. "Mbegu nzima kabisa," akasema. "Si ya hapa." Hatukumsikiliza. Mtu aliyeletewa mbegu bure ataanzaje kubagua? Tukapanda. Mvua ikanyesha siku kumi na mbili, ikakatika. Mahindi yakafika magotini, yakaungua yote. Mariti aliandika barua, na safari hii hakukuwa na lori hata moja lililosimama mjini.

Ndipo Madeje akaingia ndani ya tembe lake na jembe. Tulisikia anagonga. Kulikuwa na kihenge kwenye chumba cha nyuma, kimezibwa kwa udongo na majivu, na tangu njaa ianze alikuwa akituambia ni kitupu. Akakipasua. Kilikuwa kimejaa uwele mpaka shingoni, ule wa siku sitini, wa babu zake. Akaita kila nyumba ije na chombo, kipimo sawa kila nyumba, cha kupanda, na akasema atakayemwona akiupika atamfuata auchote tena kutoka mdomoni mwake.

Mkewe, Bibi Mbeleje, alikuwa amekufa kwa njaa miezi minne kabla. Alifia chumba kilekile, kabla ya malori.

Nilipanga foleni na kibuyu changu. Mbele yangu watu walikuwa wanapokea na kuondoka bila kusema kitu. Ilipofika zamu yangu nilishindwa kunyamaza, mimi ndivyo nilivyo.

"Baba, hiki kihenge kilikuwepo wakati wa mama Mbeleje?"

"Kilikuwepo."

"Alijua kwamba hakikuwa kitupu?"

"Ndiye aliyekanda udongo wa kuzibia." Alikuwa anapima huku akinijibu, na hakumwaga punje hata moja.

"Na hakukuomba?"

"Siku mbili za mwisho aliomba," akasema. "Kinga kibuyu vizuri."

Tulipanda. Mvua ikarudi kidogo, kama wiki tatu, kisha ikaenda zake. Mahindi yasingengoja, uwele uliwahi. Tukavuna, tukala chakula tulichokilima kwa mara ya kwanza baada ya misimu mitatu. Mtoto wangu huyu nilikuwa nimebeba mimba yake, na maziwa yake yalitoka kwenye uwele ule.

Hiyo ni kazi ya Madeje. Bila yeye, wale waliokula chakula cha malori wangekufa msimu uliofuata wakiwa wamenenepa kidogo.

Baada ya mavuno Mariti alisema njaa isitukute tena tumekaa. Ofisi yake ikatoa saruji na mlango wa chuma, sisi tukabeba mawe, ghala likasimama. Kila nyumba ikarudisha debe moja. Ofisi ikataka jina moja tu la mtunza ufunguo, kwa kuwa kwingine walikabidhi kamati, na siku ghala lilipokutwa tupu kila mwanakamati akamnyooshea kidole mwenzake. Tukasema tutalichagua taratibu. Hatukuona haja ya haraka, wakati huo tulikuwa tumeshiba.

Msimu huu mvua imenyesha siku tisa. Nendeni mkaangalie shamba lolote kati ya hapa na barabara kuu. Uwele umesimama mpaka kiunoni na hauna suke. Madeje amepita mashambani, amevunja bua moja, ameuma, ametupa, akarudi nyumbani kwake. Ndiyo maana leo tumeitwa mkutanoni.

Debe arobaini ni hivi. Ukipanda, zinatosha kila nyumba kupanda mara moja, basi. Ukipika, zinatosha uji wa watoto peke yao kwa wiki tatu. Kuna mtu alisema tugawanye nusu kwa nusu. Madeje akamuuliza nusu ya shamba itamlisha nani mwakani, na Sechelela akamuuliza siku kumi za uji ni za kumfikisha mtoto wapi. Yule mtu akakaa.

Mwenyekiti akawasimamisha wote watatu, kila mmoja aseme akipewa ufunguo atafanya nini.

Sechelela akasema, "Sitaki kumdanganya mtu. Nikiona mtoto wa kwanza amebadilika nywele, nafungua siku hiyohiyo. Mimi sijui kumtazama mtoto nikamwambia angoje mvua." Kisha akanitazama mgongoni kwangu, watu wote wakageuka.

Madeje akasema, "Sitafungua mpaka ardhi iwe imelowa kiasi cha kiganja. Asije mtu kunililia. Nilimnyima Mbeleje, sitampa mtoto wa mtu nilichomnyima yeye."

Mariti akasema, "Ufunguo ukikaa ofisini kwetu, ghala hili litakuwa kwenye orodha. Ghala lililo kwenye orodha likipungua, linajazwa. Lakini lazima watoto wahesabiwe upya."

"Litajazwa lini?" mwenyekiti akauliza.

"Nitajitahidi."

Sikuweza kujizuia. Nikasimama na mwanangu mgongoni. "Dada Mariti, malori yetu yakiwa mjini yamejaa, anaweza kutokea mtu akayaandikia jina la kijiji kingine?"

"Anaweza," akasema. "Mimi nilifanya. Na mimi nimeshaambiwa huenda nikahamishwa."

Tukapiga kura, nyumba moja mkono mmoja. Waliomtaka Sechelela walisema yeye ndiye aliyetufanya tuonekane, na aliyempoteza mtoto hawezi kuwaacha wa wenzake. Nyumba kumi na tatu. Waliomtaka Madeje walisema chakula cha wageni tulikila kikaisha, cha Madeje mpaka leo kiko shambani, na aliyeweza kumnyima mkewe hawezi kulainishwa na mtu. Nyumba kumi na tatu. Waliomtaka Mariti walisema hakuna mbegu wala jina litakaloleta chakula mahali ambapo mvua imekataa, ila barabara. Nyumba kumi na tatu. Mwenyekiti akahesabu mara mbili, kisha akaniangalia mimi, akaona afadhali atupe nafasi ya kwenda kula.

Sasa ninyi msiniambie kwamba wote watatu wanastahili. Hilo nimelisikia tangu asubuhi na halifungui mlango. Wala msiniambie mama yeyote angemchagua Sechelela akamaliza, maana nimefikiri hivyo, nikafikiri na ya baada yake. Nikimpa Sechelela, mwanangu anakunywa uji leo. Baada ya wiki tatu debe arobaini zimekwisha, mvua inaweza kuja, na nitakuwa nimesimama na jembe mbele ya shamba lisilo na cha kupanda, yeye na ndugu zake na watoto wa nyumba thelathini na tisa wananiangalia. Nikimpa Madeje, shamba litapandwa, hilo nina hakika nalo. Nani atakuwepo kulivuna ndicho nisichokijua, na huyu wangu nywele zimeshaanza. Nikimpa Mariti, atataka nimtaje huyu kwa jina na idadi yake mbele za watu, halafu nikae na kuisikiliza barabara. Likija lori, tumepona wote, na mbegu zipo. Lisipokuja, nitakuwa nimemhesabu mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sechelela nilimkimbia makaburini. Madeje nilimuuliza swali asilopaswa kuulizwa mtu. Chakula cha Mariti nilikila nikijua kinatoka kinywani mwa mwingine. Kila mmoja wao nina deni naye la shukrani, na mkono wa kunyanyua ni mmoja.

Mnasikia? Wanagonga kengele, tunaitwa. Huyu hata hakushtuka, na kengele iko hapa karibu. Ninyi hamna shamba Nholongo, wala hamna mtoto ndani ya hesabu hii, kwa hiyo vichwa vyenu vimetulia kuliko changu. Niambieni kabla sijafika pale mlangoni: mkono huu niunyanyue kwa nani?